Kabla ya Kulipia Tiba ya Kugusa Kichwa: Mlaji Apime Nini?



Bidhaa nyingi tunaweza kuzikagua kabla ya kutoa fedha. Maharage tunayatia kwenye mizani, bati tunaligonga, kitambaa tunakivuta na kukitazama kwenye mwanga. Huduma ya tiba haikaguliki kwa njia hiyo. Mgonjwa hulipa kwanza, kisha husubiri. Na akipata nafuu hawezi kujua kwa urahisi kama imeletwa na tiba, na muda, au na kitu kingine. Kwa sababu hiyo, mlaji wa huduma ya tiba anahitaji kipimo kilicho bora kuliko macho na masikio yake. Somo hili linaeleza kipimo hicho, na limechukua kama mfano huduma moja ambayo haijazoeleka vijijini mwetu: tiba ya kugusa kichwa, iitwayo tiba ya kraniosakro.

Tuanze na kisa tulichokitunga kwa ajili ya mafunzo. Ni siku ya gulio katika kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara. Kando ya wauza ndizi na wauza mitumba amekaa mtu mmoja mwenye sauti ya upole na mwendo wa madaha. Kwa miaka mingi alikuwa mcheza ngoma na mwigizaji wa kikundi cha mjini. Sasa anasema amesomea tiba inayosikiliza mdundo wa maji ya ubongo. Mgonjwa hulala juu ya mkeka, naye huweka vidole vyake kichwani kwa wepesi kama anayegusa yai, hufumba macho, na watu waliomzunguka hunyamaza. Bei yake ni shilingi 20,000 kwa kikao, na anashauri vikao 10.

Bibi mmoja anaumwa kichwa kwa mwaka wa pili sasa. Mgongoni amembeba mjukuu wa miezi saba anayeharisha tangu juzi, na utosi wa mtoto umebonyea. Bibi anawauliza jirani zake wawili kama alipe. Wa kwanza anamjibu, “Bibi, huoni watu walivyojaa? Wangejaa bure?” Wa pili anacheka na kusema, “Mcheza ngoma tangu lini akawa mganga?”

Jirani wa kwanza anapima tiba kwa wingi wa watu. Wa pili anaipima kwa asili ya mtabibu. Tutaonesha kwamba vipimo vyote viwili vinapotosha, kisha tutaeleza kile kinachofaa.

TIBA YENYEWE NI IPI?

Jina kraniosakro limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya kitabibu: moja la fuvu la kichwa, na jingine la mfupa mpana ulio mwisho wa uti wa mgongo, juu kidogo ya kifandugu. Mizizi ya tiba hii iko Marekani. Mwaka 1899 mwanafunzi wa ostiopathi, yaani tiba ya kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, aliyeitwa William Garner Sutherland, alilitazama fuvu lililotenganishwa mifupa yake. Aliona kwamba kingo za baadhi ya mifupa hiyo zimechongoka kama matamvua ya samaki, akawaza kuwa huenda mifupa ya kichwa nayo hujongea kama inayopumua. Wazo hilo alilikuza kwa miaka mingi, na mwaka 1939 alilichapisha katika kitabu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtaalamu mwingine wa ostiopathi, John Upledger, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliipa tiba hii sura inayojulikana leo, na mwaka 1985 alianzisha taasisi ya kuifundisha huko Florida. Milango yake haikufunguliwa kwa madaktari peke yao, na ndiyo maana leo wapo wanaoitoa waliotoka katika kukanda, katika ualimu, katika dansi au katika uigizaji.

Madai ya msingi ya tiba hii ni matatu. Kwanza, kwamba maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake wa pekee, tofauti na mapigo ya moyo na pumzi, unaotokea mara 6 hadi 12 kwa dakika. Pili, kwamba mkono uliofunzwa unaweza kuuhisi mdundo huo kichwani au hata miguuni. Tatu, kwamba mguso mwepesi, wa uzito wa takriban gramu 5, unaweza kuurekebisha mdundo uliovurugika na hivyo kuondoa maradhi mengi.

Yapo yaliyo kweli ndani ya maelezo haya, na ni haki kuyataja. Ubongo umezungukwa na maji kweli. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza takriban mililita 500 kila siku, ya zamani yakifyonzwa na kurudi kwenye damu. Maji hayo hujongea kwa kufuata mapigo ya moyo na kupumua. Vipimo vya picha vimeonesha hivyo. Lakini ukweli wa kwamba maji yapo na yanajongea hauthibitishi kwamba vidole vinaweza kuuhisi mjongeo wake kupitia mfupa, wala kwamba vinaweza kuurekebisha. Mlaji ajihadhari na mpangilio huu wa maneno: ukweli mmoja hutangulizwa mbele, na madai yasiyothibitishwa hufuata nyuma yake kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

MDUNDO ULIPOPIMWA

Njia ya kuyapima madai haya si ngumu kuielewa. Kama mdundo upo na unahisika, basi watabibu wawili wanaomshika mgonjwa mmoja wanapaswa kuhesabu idadi moja au zinazokaribiana, kama vile wauguzi wawili wanavyohesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa mmoja.

Mwaka 1994 jarida la wataalamu wa fiziotherapia la Marekani lilichapisha jaribio ambalo watabibu watatu waliwapima watu 12 walewale, kila mtabibu kwa wakati wake. Hesabu zao hazikukubaliana. Mwaka 1998 jarida hilohilo lilichapisha jaribio jingine: wapimaji wawili walimshika mtu mmoja kwa wakati mmoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, kwa watu 28. Hapa pia hawakukubaliana. Kila mmoja alihisi kitu, lakini hawakuhisi kitu kimoja. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba kila mmoja alihisi kitu cha kwake mwenyewe.

Kuhusu uponyaji, wachambuzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada walikusanya ushahidi wote uliokuwapo hadi mwaka 1999 wakaona hautoshi kuiunga mkono tiba hii. Baada ya hapo majaribio mengine yalifanyika. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulidokeza nafuu kwa baadhi ya maumivu sugu, lakini uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2024, ulioyatazama maradhi ya aina nyingi zaidi, ulihitimisha kwamba hakuna faida ya maana kwa mgonjwa. Kwa hiyo hali ya mambo ni hii: mdundo haujathibitishwa, na uponyaji haujathibitishwa.

Msomaji azingatie kwamba waasisi wa tiba hii hawakuwa wacheza ngoma. Walikuwa watu wa taaluma ya tiba, wenye vyeti na vyuo. Jirani wa pili wa bibi yetu angewakuta hao, angewaamini bila swali.

MWIGIZAJI ALIYEPOTEZA SAUTI

Sasa tutazame upande wa pili. Frederick Matthias Alexander alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869. Hakuwa daktari. Alikuwa msanii wa jukwaani aliyesimama peke yake akighani tungo za Shakespeare mbele ya watazamaji. Sauti yake ikaanza kukauka katikati ya maonesho. Matibabu aliyopewa hayakulimaliza tatizo: akipumzika sauti hurudi, akipanda jukwaani hupotea. Akafikiri kwamba chanzo kimo katika jambo analolifanya yeye mwenyewe anapoghani. Alijitazama kwenye vioo kwa muda mrefu, akagundua kwamba kila anapoanza kusema hukirudisha kichwa nyuma, huikaza shingo na kuibana koo. Alijifunza kuacha mazoea hayo, sauti ikapona, naye akaanza kuwafundisha wengine namna ya kuvitumia kichwa, shingo na mgongo bila kujikaza. Mwaka 1904 alihamia London, akaendelea kufundisha hadi karibu na kifo chake mwaka 1955.

Njia yake ilipelekwa kwenye kipimo muda mrefu baada ya yeye kufariki. Nchini Uingereza wagonjwa 579 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa katika makundi kwa kura, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008 katika jarida la madaktari la nchi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida walikuwa na maumivu siku 21 katika wiki nne. Waliopata masomo 24 ya njia ya Alexander walikuwa na maumivu siku 3. Wapo pia waliokandwa misuli: walipata nafuu katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini nafuu hiyo ilififia kadiri mwaka ulivyokwenda.

Kwa hiyo tunazo tiba mbili. Moja ilianzishwa na wataalamu wa tiba, na ilipopimwa haikuthibitika. Nyingine ilianzishwa na msanii wa jukwaani, na ilipopimwa kwa maumivu ya mgongo ilifaa. Asili ya mtabibu haikutosha kutabiri lolote. Kilichoamua ni kipimo.

Tuongeze tahadhari moja. Njia ya Alexander ilithibitika kwa maumivu ya mgongo. Haikuthibitika kwa kila kitu. Wachambuzi walipotafuta majaribio ya kuaminika kuhusu pumu, hawakupata hata moja. Cheti cha kutibu mgongo si cheti cha kutibu kifua. Mtabibu akikuambia kwamba tiba yake imethibitishwa, muulize imethibitishwa kwa ugonjwa upi.

UMATI HUPIMA NGOMA, HAUPIMI DAWA

Tumrudie jirani wa kwanza, yule wa kuhesabu watu. Kanda yetu ya Ziwa ina mfano mzuri. Katika karne ya 19 Wasukuma walikuwa na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, walioshindana hadi wafuasi wao wakawa vyama viwili vikubwa vya ngoma: Bagika na Bagalu. Mashindano yao yapo mpaka leo, na huonekana kila mwezi Juni katika sherehe ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji hukimbilia lile linalowavutia. Kila upande huwa na dawa zake za kuvuta watu, na mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi.

Huo ni utaratibu wa haki kabisa kwa ngoma. Kazi ya ngoma ni kuvuta watu, na umati ukija, ngoma imetimiza kazi yake mbele ya macho ya wote. Lakini kazi ya tiba ya kichwa ni kuponya kichwa. Umati uliomzunguka mtabibu sokoni unathibitisha kwamba anajua kuvuta watu, jambo ambalo mtu aliyekulia katika ngoma lazima alijue. Kuhusu kichwa cha bibi, umati hausemi neno.

Taifa zima lililipia somo hili mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 tu, kwa imani kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na maradhi mengine sugu. Watu walifika kwa maelfu, kutoka ndani na nje ya nchi, na foleni za magari zilienea kwa kilomita nyingi. Kikombe kilikuwa rahisi. Safari haikuwa rahisi. Familia ziliuza mifugo kwa ajili ya nauli, wagonjwa wengine walitolewa hospitalini wakiwa mahututi, wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Ndipo tunasema kwamba gharama ya tiba si ile inayotajwa mlangoni peke yake. Ni pamoja na nauli, siku za kazi zilizopotea, na, kubwa kuliko zote, tiba ya kweli iliyocheleweshwa.

Hatusemi hivyo kwa kuwacheka waliokwenda. Mfa maji haishi kutapatapa, na mgonjwa aliyekata tamaa ana haki ya kuheshimiwa. Tunasema ili umati wa namna ile usitumike tena kama ushahidi.

KWA NINI BAADHI HUJISIKIA NAFUU?

Msomaji anaweza kutuuliza: kama tiba haijathibitishwa, mbona jirani yangu alitoka pale amechangamka? Hatuna sababu ya kumwita jirani mwongo. Zipo sababu tatu zinazoeleweka.

Ya kwanza ni mapumziko. Mtu aliyelala kimya kwa saa moja bila kuitwa na mtoto wala kukumbushwa shamba hupumzika kweli, na kichwa kilichouma kwa uchovu huweza kutulia. Ya pili ni kusikilizwa. Mtabibu mpole, mwenye sauti iliyofunzwa na mikono yenye utulivu, humpa mgonjwa kitu ambacho hakipati kila mahali. Hapa msanii ana kipaji halisi, na wahudumu wetu wa afya wangeweza kujifunza kwake namna ya kumkaribisha mgonjwa. Ya tatu ni tabia ya maradhi yenyewe. Maumivu sugu hupanda na kushuka, na sisi hutafuta tiba yanapokuwa juu kabisa. Yakishuka kwa desturi yake, sifa huichukua tiba iliyokuwa karibu.

Kwa hiyo kulipia utulivu si kosa. Mtu mzima mwenye afya anayetaka kupumzishwa kwa mikono, anayejua kwamba ananunua mapumziko, na ambaye fedha hiyo haikutengwa kwa ada au kwa dawa, yuko huru. Kosa ni kuuziwa mapumziko kwa jina la uponyaji na kwa bei ya uponyaji, huku shinikizo la damu, malaria au uvimbe ukiendelea kimyakimya.

UTOSI WA MTOTO SI MAHALI PA KUJARIBIA

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti nyumbani. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana ili kichwa kiweze kupita wakati wa kuzaliwa. Utosi wa mbele hufunga polepole, kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili. Utosi huo ni dirisha la kutazamia hali ya mtoto, na dalili zake mbili ni za hatari.

Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika unaonesha kwamba mwili umepungukiwa maji. Dawa yake si kugusa, kuvuta wala kupaka kitu utosini. Dawa yake ni maji: aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS, na apelekwe zahanati mara moja, ambako atapewa pia zinki na, ikibidi, dripu. Utosi uliotuna wakati mtoto ametulia, hasa akiwa na homa, unaweza kuwa dalili ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando wa ubongo, na hapo kila saa ina thamani.

Vivyo hivyo degedege. Wazee wetu wengi waliiona kama ugonjwa wa kupeperushwa na kitu cha angani, wakaitafutia mganga kwanza. Mara nyingi degedege la mtoto mwenye homa hutokana na malaria kali au maambukizi mengine. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mkimbize kituoni. Kwa sera ya nchi yetu, watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mtabibu wa sokoni hawezi kuwa nafuu kuliko hapo.

Watetezi wa tiba ya kraniosakro husema kwamba mguso wao ni mwepesi mno kuweza kudhuru. Mguso mwepesi kwa mtu mzima mwenye afya huenda usidhuru. Lakini mwaka 2009 jarida la madaktari la Uholanzi lilichapisha taarifa ya mtoto wa miezi mitatu aliyefariki baada ya shingo na mgongo wake kukunjwa na mtoa tiba wa jina hilohilo. Jina la tiba halikulindi. Mikono hufanya kile inachofanya. Shingo ya mtoto mchanga isikabidhiwe kwa mtu asiyesajiliwa kumtibu.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza hilo ndilo linalosajili watabibu, vituo na dawa za fani hizo. Mtu anayetoa tiba mbadala kwa malipo anapaswa kuwa na usajili wake na wa mahali anapotolea huduma. Matangazo nayo yana utaratibu wake wa vibali.

Usajili una maana yake na una mpaka wake. Unaonesha kwamba mtu anajulikana, anaweza kupatikana, na anaweza kuwajibishwa. Hauoneshi kwamba kila analodai limethibitishwa. Asiye na usajili usimlipe. Mwenye usajili bado muulize maswali.

Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, kwa upande wake inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouza. Kudai kwamba huduma inaponya ugonjwa ambao haiuponyi ni upotoshaji, hata kama imedaiwa kwa upole na kwa maneno matamu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kuuliza si ujinga, na mtabibu mwaminifu haudhiki akiulizwa. Mlaji ayakariri maswali haya:

1. Umesajiliwa na baraza gani, na cheti chako kiko wapi nikione?

2. Ulisomea wapi, kwa muda gani? Mafunzo ya siku chache si sawa na ya miaka.

3. Tiba hii inatibu ugonjwa gani hasa? Akijibu “magonjwa yote”, hapo mazungumzo yameisha.

4. Ilipimwa kwa wagonjwa wa aina yangu, ikilinganishwa na tiba nyingine? Shuhuda za watu watatu waliopona si jibu la swali hili.

5. Nitajuaje kwamba haifanyi kazi, na baada ya vikao vingapi tutaacha? Tiba isiyoweza kushindwa haiwezi pia kuthibitika.

6. Je, unanitaka niache dawa zangu za hospitali? Akisema ndiyo, ondoka, na utoe taarifa.

7. Gharama yote ni kiasi gani, na utanipa risiti? Usilipe vikao 10 kwa mkupuo. Lipa kikao kimoja, kisha utafakari nyumbani.

Ukiona umepotoshwa au umedhurika, hifadhi risiti, tangazo, ujumbe wa simu na majina ya walioshuhudia. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata na kwa kituo cha afya kilicho karibu. Shauri huweza kufikishwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na kutoka hapo kwenye Baraza. Upotoshaji wa kibiashara huripotiwa kwa Tume ya Ushindani. Penye madhara ya mwili, polisi nao wahusishwe.

TUMALIZIE KISA CHA BIBI

Tuchukulie kwamba kitabu hiki kilimfikia bibi kabla ya gulio. Anamsogelea mtabibu na mazungumzo yanakwenda hivi:

“Shikamoo bibi, karibu.”

“Marahaba mwanangu. Nimesikia sifa zako. Naomba kukuuliza: kichwa kinaniuma mwaka wa pili. Tiba yako inatibu nini hasa?”

“Bibi, inatibu chanzo cha yote. Kichwa, tumbo, usingizi, hata huyo mtoto naona utosi wake umekaa vibaya, naweza kuurudisha.”

“Cheti cha Baraza unacho?”

“Kinashughulikiwa, bibi.”

“Haya mwanangu. Kikishakamilika utaniita. Mtoto huyu nampeleka zahanati sasa hivi, na mimi mwenyewe nitapimwa presha hukohuko.”

Bibi hakumtukana mtu, hakubishana na umati, wala hakumdharau mtabibu kwa kuwa alicheza ngoma. Alitumia dakika mbili na maswali mawili, na shilingi 200,000 zikabaki mfukoni mwake. Muhimu zaidi, mtoto alifika penye maji ya ORS mapema. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo ya tiba tungeongeza kwamba hata chema kisipimwe kwa wingi wa wanunuzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajadiliwe katika kikundi cha kuweka na kukopa, katika mkutano wa kijiji au nyumbani:

1. Kwa nini wapimaji wawili wa mdundo mmoja wanapaswa kupata hesabu zinazokaribiana?

2. Taja tofauti kati ya kununua mapumziko na kununua uponyaji.

3. Kikombe cha Samunge kiliuzwa shilingi 500. Orodhesha gharama nyingine ambazo familia moja ingeweza kuzibeba.

4. Utosi uliobonyea na utosi uliotuna vinaashiria nini, na hatua ya kwanza ni ipi?

5. Kumbuka tiba moja uliyowahi kuilipia. Kati ya maswali saba tuliyoyataja, uliuliza mangapi?